Je, Wajua? Uzi Usioguswa Nao Hulia

Safu ya leo ni ya wapiga solo, na ya kila kijana anayejifunza gitaa la umeme kanisani au kwenye bendi ya mtaani huku akijiuliza mbona noti zake zote ziko sawa lakini solo inatoka chafu. Aache kuutazama uzi anaoupiga. Azitazame zile tano alizoziacha.

Je, wajua kwamba bendi ya dansi yenye gitaa la solo, solo la pili, rithimu na besi hupanda jukwaani na nyuzi 22? Magitaa matatu yana nyuzi sita sita, besi ina nne. Mpiga solo anapiga uzi mmoja, mwenzake wa solo la pili mmoja au mbili, besi mmoja. Nyuzi zilizobaki zinatakiwa zikae kimya, na hakuna wa kuzinyamazisha isipokuwa mikono ya wenye magitaa. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz au Super Volcano, Mbaraka Mwinshehe akiwa kwenye solo: kila gitaa lina njia yake na unaweza kulifuata peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Mitambo ya miaka ile isingeweza kuwasafishia sauti. Usafi ule ulitoka vidoleni.

Je, wajua kwamba uzi unaweza kulia bila kupigwa? Hili unaweza kulithibitisha sasa hivi ukiwa na gitaa lililosawazishwa vizuri. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, kwenye freti ya 5. Upige kwa nguvu, uache sekunde mbili, kisha uzime huo huo tu. Gitaa halitanyamaza. Uzi wa tano, ambao hukuugusa kabisa, utakuwa unalia. Sababu ni kwamba freti ile inatoa noti ya A yenye mitetemo 110 kwa sekunde, na uzi wa tano ukiwa wazi nao ni A ya mitetemo 110. Mtetemo unapita kwenye daraja na mbao, unaufikia uzi uliozoea mwendo ule ule, na uzi unaitikia. Si lazima noti zilingane kabisa. Ukipiga G kwenye freti ya 3 ya uzi wa sita, yenye mitetemo 98, uzi wa tatu nao utaamka, maana wake ni 196, mara mbili kamili.

Wahindi waliipenda tabia hiyo wakaijengea nyumba. Sitar ina safu ya nyuzi zilizotandikwa chini ya nyuzi za kupigwa, na kazi yake kubwa ni kuitikia. Fidla ya Hardanger ya Norwe nayo ni hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba piano imetatua jambo hili kwa mashine? Kila ufunguo una kipande cha manyoya yaliyoshindiliwa ambacho hulalia nyuzi zake na kuinuka unapoubonyeza. Ni funguo za juu kabisa, kama oktava moja na nusu hivi, ambazo hazina kipande hicho, kwa sababu nyuzi zake ni fupi na sauti hufa upesi yenyewe. Gitaa halina kitu cha namna hiyo. Anayelipiga ndiye anayezima kila uzi kwa ngozi yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba pikapu ya gitaa haisikii sauti? Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukicheza juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, kwa kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kwa hiyo pikapu haina habari na nia yako. Uzi ulioupiga kwa makusudi na uzi uliokwaruzwa na kucha kwa bahati mbaya, kwake vyote ni chuma kinachocheza.

Na hapa ndipo distosheni inapoleta balaa. Watu hudhani inaongeza ukali tu. Kinachofanyika ni kwamba sauti kubwa inakatwa kichwa huku ndogo ikipandishwa, mpaka zinakaribiana. Mnong'ono wa uzi wa tano, ambao kwenye sauti safi usingeusikia hata ukitega sikio, unatoka kwenye spika ukiwa karibu sawa na noti yako. Ndiyo maana kijana anayejifunzia nyumbani bila amplifaya, kwa sababu ya majirani au umeme kukatika, hushtuka sana siku ya kwanza anapounganishwa na mitambo. Hakuharibika siku ile. Kelele zilikuwapo tangu mwanzo, ila hazikuwa na wa kuzitangaza.

Je, wajua kwamba mikono miwili imegawana nyuzi za kuziba? Hili ndilo somo lenyewe, na ningependa lifundishwe kabla ya skeli yoyote. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mkono huo unashughulikia nyuzi nene, zilizo upande wa juu wa ule anaoupiga. Mkono wa kushoto unashughulikia nyembamba zilizo chini yake.

Chukua mfano wa uzi wa tatu, freti ya 5, kidole cha shahada. Ukingo wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, umelala juu ya uzi wa sita na wa tano karibu na daraja. Haubonyezi. Umelala tu. Uzi wa nne unabaki katikati, na huo unazibwa na ncha ya kidole cha shahada chenyewe: badala ya kusimama wima, kinasogea juu kidogo tu hadi ngozi ya ncha iguse ubavu wa uzi wa nne. Kisha tumbo la kidole hicho hicho linalegea na kuulalia uzi wa pili na wa kwanza bila kuzifikisha kwenye freti. Kidole kimoja kimefanya kazi tatu: kimebonyeza mmoja, kimeziba mmoja juu, kimeziba mbili chini. Ukihamia uzi wa pili, kiganja nacho kinateremka hatua moja. Ukirudi kwenye uzi wa nne, kinapanda.

Walimu wengi wa gitaa hufundisha vidole visimame wima juu ya ncha. Kwa kordi za kuimbia ni sawa, kwa sababu kila uzi unatakiwa ulie. Kwa solo ya umeme fundisho hilo ndilo linaloleta uchafu, na kulisahau huchukua muda mrefu kuliko kulijifunza.

Je, wajua kwamba kuna mahali ukiugusa uzi ili uuzime, unapiga kelele zaidi? Juu ya freti ya 12 ni nusu kamili ya uzi. Juu ya freti ya 7 ni theluthi. Juu ya freti ya 5 ni robo. Uzi ukitetemeka, sehemu hizo zina vituo vya utulivu, na ukiweka kidole kimoja hapo huuzimi. Unauambia ujigawe. Uzi wa sita ukiwa wazi una mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Uguse kwenye freti ya 12, utatoa 165. Kwenye ya 7, utatoa 247. Kwenye ya 5, karibu 330, sawasawa na uzi wa kwanza ukiwa wazi. Hizo ndizo sauti nyembamba za ajabu zinazochomoza katikati ya solo na mpigaji hajui zimetoka wapi, kwa kuwa ana hakika alikuwa ameziba. Dawa yake ni rahisi: usizibe kwa kidole kimoja. Vidole viwili vilivyoachana kidogo, au kiganja kizima, haviwezi vyote kukaa juu ya kituo kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba utamu wa gitaa la Kikongo una uzi bubu katikati yake? Franco Luambo Makiadi alisifika kwa kucharaza kwa kidole gumba na cha shahada, akikwanyua nyuzi mbili pamoja. Noti mbili zinazokwenda sambamba zikiwa zimeachana kwa umbali wa noti sita za skeli ndizo mkate wa kila siku wa rumba, kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam. Zijaribu kwenye uzi wa tatu na wa kwanza: freti ya 5 na ya 5 unapata C na A, ya 7 na ya 7 unapata D na B, ya 9 na ya 8 unapata E na C. Sasa tazama katikati. Uzi wa pili haumo, lakini uko pale pale, na mkono ukiteleza, uzi huo ukiwa wazi utaingiza B yake kila mahali. Ukipiga kwa vidole unaweza kuuruka. Ukipiga kwa piki huwezi, maana piki inapita juu ya zote tatu. Kinachookoa ni kidole cha kati kinachobonyeza uzi wa tatu: kinalazwa kidogo upande wa chini hadi kiuguse uzi wa pili, na kinabaki kimelala hivyo hivyo wakati mkono mzima unateleza shingoni. Mkono ukiinama kwa usahihi, unaweza kuzikwangua nyuzi zote tatu kwa nguvu zako zote na zikasikika mbili.

Wes Montgomery, Mmarekani wa Indianapolis, alifanya hivyo na oktava akitumia gumba tupu badala ya piki, na ndiyo sauti iliyomjulisha kwa watu kwenye albamu ya 1960, *The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery*.

Je, wajua kwamba uchafu wa kubendi hauji wakati wa kuuvuta uzi, unakuja wakati wa kuurudisha? Sema unavuta uzi wa pili kwenye freti ya 8, kutoka G hadi A. Kidole cha pete kinasukuma juu, kidole cha kati kinakisaidia kwa nyuma. Ukiupandisha, uzi wa tatu unasukumwa au unaingia chini ya kucha. Hapo unakaa kimya kwa sababu umebanwa. Ukianza kushuka, unachomoka na kulia: G wazi, kubwa, katikati ya kilio chako kizuri. Anayejua huwa ameshaweka ncha ya kidole cha shahada juu ya uzi wa tatu tangu mwanzo, na kiganja cha kulia kimelala juu ya nyuzi zote nene. Kidole cha shahada hakikuwa na kazi nyingine pale. Wengi hukiinua juu hewani kama hakihitajiki, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwa wapiga solo vijana.

Je, wajua kwamba ufunguo wa wimbo unaweza kukufichia uchafu, au kukuanika? Ukipiga solo kwenye G, C au D, nyuzi zote sita zikiwa wazi zimo ndani ya skeli. Zikilia ovyo, msikilizaji ataona sauti imejaa tu. Lakini tarumbeta na saksafoni ya tena zimeundwa kwa B flati, saksafoni ya alto kwa E flati, na wapulizaji wakichagua ufunguo unaowakaa vizuri mdomoni, mpiga solo anahamia nchi nyingine. Kwenye E flati, ni D na G tu zilizo salama. Nyuzi nne kati ya sita ziko nje ya skeli, na uzi wa kwanza na wa sita ziko nusu hatua tu juu ya nyumbani. Ukitaka kujua kama unaziba vizuri, omba wimbo wenu uhamishiwe E flati kwa jioni moja.

Je, wajua kwamba kuna magitaa yaliyouzwa yakiwa na kizibo chake? Fender Jaguar ya 1962 ilikuwa na kipande laini karibu na daraja, cha kusukuma kikaguse nyuzi. Wapigaji wengi walikiondoa. Kwa besi wazo hilo lilifaulu zaidi. Besi ya Precision ilikuwa na kifuniko cha daraja chenye sponji chini yake, na James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown huko Detroit, aliiacha sponji yake mahali pake. Noti zake ni fupi, nene, na zinaondoka kwa wakati.

Naye mpiga besi wa leo, aulizwe gumba lake la kulia linakaa wapi. Kama limeng'ang'ania juu ya pikapu muda wote, uzi wa nne unavuma chini ya wimbo mzima. Linapaswa kulala juu ya uzi wa nne, na kushuka pamoja na vidole.

Je, wajua kwamba baadhi ya wapiga solo wakubwa hufunga shingo ya gitaa kwa kitambaa au mpira wa kufungia nywele? Baada ya Eddie Van Halen kutoa "Eruption" mwaka 1978, dunia nzima ilitaka kugonga freti kwa mkono wa kulia. Mkono huo ukihamia shingoni, kiganja kimeondoka darajani na nyuzi nene zimebaki bila mlinzi. Jennifer Batten, aliyezunguka dunia na Michael Jackson kuanzia 1987, hutumia kifaa cha kuziba nyuzi karibu na kichwa cha gitaa. Kitambaa kinafanya kazi hiyo hiyo. Sioni ubaya wake studio, au kwa mtu anayegonga kwa mikono miwili. Kwa anayejifunza naona ni hasara: kitambaa kinazizima nyuzi zikiwa wazi tu, na siku ukikisahau nyumbani mkono hautajua la kufanya.

Gitaa la aina ya Stratocaster lina springi mgongoni, chini ya kifuniko cha plastiki. Nazo hulia. Piga noti, zima nyuzi zote, weka sikio kwenye mwili wa gitaa utazisikia. Kipande cha sponji kinatosha.

Je, wajua kwamba mvumo wa gitaa la Dar es Salaam si sawa na wa Chicago? Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Pikapu ya koili moja inaudaka, na wetu unavuma karibu na noti ya G, wao kati ya B flati na B. Huo haukomeshwi kwa kidole. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu ya koili mbili zilizopingana, ambamo mvumo wa moja unaufuta wa nyingine. Lakini kuna mvumo mwingine, ule wa kukwaruza, unaopungua ukishika nyuzi na kurudi ukiziachia. Daraja limeunganishwa na waya wa ardhi, na mwili wako, unaonasa kelele za umeme za chumba kizima, unaungana nao kupitia vidole. Sababu nyingine ya kutoziacha nyuzi bila mkono.

Pedali ya kuzuia kelele? Inasaidia ukiwa umeacha kupiga. Ni mlango: ukifunguliwa kumpitisha mgeni, mbu nao wanaingia. Uzi wa tano unaolia pamoja na noti yako utapita nayo.

Je, wajua kwamba spika yenyewe inaweza kupiga gitaa lako? Sauti ikiwa kubwa vya kutosha inatikisa uzi usiozibwa, pikapu inaudaka, spika inarudisha, na mzunguko unazidi. B.B. King alikuwa akijaza vitambaa ndani ya gitaa lake lenye uwazi, na mwaka 1980 Gibson ikatoa gitaa liitwalo Lucille, lisilo na matundu kifuani.

Je, wajua kwamba kuziba kunaweza kuwa muziki wenyewe? Kule Zimbabwe, Jonah Sithole, mpiga gitaa wa Thomas Mapfumo, alizilaza nyuzi chini ya kiganja hadi zikatoa sauti fupi za vyuma vya ala ya mbira. Nile Rodgers wa bendi ya Chic, mkono wake wa kulia haupumziki, ila wa kushoto unaamua ni mapigo gani yatoe noti na yapi yatoe "chk" tu.

Na si kila uzi unaolia wenyewe ni adui. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Katika "Masanga" gitaa moja lisilo na umeme, gumba na kidole cha shahada, linasikika kama watu wawili, na nyuzi zilizoachwa wazi ndizo zinazoshikilia wimbo wakati vidole vinahama. Ungezizima, ungeiua Masanga. Tofauti ni kwamba Mwenda alijua kila uzi unaolia unalia kwa nini.

Je, wajua namna ya kujipima bila mwalimu? Weka simu irekodi mbele ya amplifaya, distosheni ikiwa juu. Piga mistari miwili ya solo, kisha simamisha uzi unaoupiga, huo tu, na usisogeze kingine chochote. Sikiliza kilichobaki. E nene au A ikivuma, kiganja cha kulia kimeinuka. D au G, ncha ya kidole cha shahada haijafika ubavuni mwa uzi wa jirani. B au E nyembamba, tumbo la kidole hicho limenyooka na linahitaji kulegezwa. Rudia mistari ile ile polepole hadi simu irekodi kimya.